Deni la Vigelegele la Mama Noela

"Uliniambia meno yatanyooka. Hukuniambia ulimi wangu utafungwa jela!"

Kunegunda alisema hivyo akiwa amelala chali kwenye kiti cha daktari wa meno, shavu moja limevimba kama ameficha kiazi, na bado maneno yalitoka. Mtu mwingine angenyamaza kwa maumivu. Yeye maumivu ndiyo yanampa hoja.

Daktari Fulgence alikuwa ameshika kioo kidogo na taa. "Mama Noela, nilikuambia tangu mwanzo. Nilikuambia kutakuwa na maumivu, kutakuwa na vidonda..."

"Vidonda uliniambia vidogo."

"Ni vidogo."

"Lete mdomo wako tubadilishane."

Kunegunda akaendelea, kidole juu. "Toa hizi waya. Toa leo hii. Wiki ijayo nakwenda Nakapanya kulipa deni, na deni lenyewe linalipwa kwa mdomo huu huu ulioutia pingu."

"Nikizitoa leo, meno yatarudi yalikotoka. Na hili la mbele linalocheza linaweza kukuaga kabisa." Akainama, akatazama tena. "Hebu subiri. Nani amegusa hii waya?"

Kimya. Kunegunda kunyamaza ni jambo la kupiga kengele ya kanisa. Mimi, mwenzake wa sokoni, niliyekuwa nimekaa karibu na mlango na mkoba wake magotini, nikaanza kuangalia dari kama ninatafuta linapovuja.

"Nimeuliza, nani ameikaza?"

"Fulgence," akasema kwa upole wa ghafla, "mimi nilikufuta kamasi ukiwa hujui hata kusimama. Usinihoji kama polisi."

Ili uelewe ugomvi ule, lazima kwanza umjue mwanamke mwenyewe.

Kunegunda ni mtoto wa Matogoro, kule mlimani, baba yake mkulima wa mahindi na mama yake mkali kuliko baba. Alimaliza darasa la saba, akaolewa na Hironimus, fundi baiskeli wa mtaa wa Lizaboni, Songea mjini, mtu mpole ambaye akiulizwa jambo hujibu kesho. Walijaliwa mtoto mmoja, Noela. Miaka ile rafu za maduka ya ushirika zilipokuwa na vumbi tu na sabuni inapatikana kwa kujuana, Kunegunda alipika komoni, pombe ya kienyeji, akauza. Biashara ilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakaanza kuingia Songea, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kukata kamba ya robota pale sokoni. Wengine tulikimbilia magauni. Yeye alichukua makoti. Tukamcheka. Ukaja mwezi wa sita na baridi yake, wakubwa kwa wadogo wakapanga foleni mbele ya meza yake, nasi tukabaki tumejikunyata nyuma ya magauni yetu ya mikono mifupi.

Kipaza sauti hakuhitaji. "Koti jamani, koti! Koti la mzungu mnene, mnaingia wawili!" Hata ukiwa mtaa wa Mfaranyaki unamsikia, unajua soko limefunguliwa.

Lakini makoti siyo yaliyompa jina. Jina alipewa na vigelegele. Kigelegele cha Kunegunda kilikuwa kinaanzia mbali kama filimbi ya mchunga ng'ombe, kinapanda, kinakatika katikati, unadhani kimekwisha, halafu kinarudi na ndugu zake wote. Ubatizo, kipaimara, harusi, mtu kapata kazi benki, mtu katoka hospitali mzima, lazima aitwe Kunegunda. Shughuli ambayo hakuipigia vigelegele watu walikuwa wanaisema kama msiba.

Na sisi wanawake wa safu ya mitumba tuna sheria yetu kuhusu jambo hilo. Mwenzako akija kupiga vigelegele kwenye shughuli yako, umekopa. Shughuli yake ikifika, unakwenda kulipa, tena unalipa mwenyewe. Hutumi khanga, hutumi debe la mchele, humtumi wifi yako mwenye koo zuri. Mdomo ulikopa, mdomo utalipa. Mwanamke asiyelipa hafukuzwi sokoni wala hatukanwi. Siku yake ikifika tunakwenda, tunakula, tunakaa kimya. Nimewahi kuona harusi ya namna hiyo. Bibi harusi alilia, na si kwa furaha.

Kunegunda hakuwahi kudaiwa. Yeye alikuwa anadai mji mzima. Deni lake la kwanza lilikuja siku ya ndoa ya Noela, na mkopeshaji alikuwa Biasha.

Biasha ni Myao wa Nakapanya, huko Tunduru mbele. Alikuwa analeta korosho Songea na kurudi na makoti na mashuka ya Kunegunda. Mmoja Mkatoliki wa rozari, mwingine swala tano, na wakikaa pamoja hukuweza kupitisha hata sindano ya neno katikati yao. Siku ya ndoa ya Noela, Biasha alisafiri siku mbili juu ya magunia ndani ya lori, kwenye barabara ile tunayoijua wote. Alifika na vumbi mpaka kwenye kope. Akasimama nje ya mlango wa kanisa, akakaza ushungi wake, akasema, "Mimi ndani siingii. Lakini sauti haina mlango."

Maharusi walipotoka alipiga kigelegele mpaka padri akageuka kutazama kuna nini. Kunegunda akakijibu. Wakajibizana hao wawili kama majogoo ya alfajiri, sisi tumeshika vichwa.

Dastan, kijana wa kwanza mjini kuwa na kamera ya video, alikuwa pale. Akaisogeza kamera mpaka karibu na mdomo wa Kunegunda. Na hapo ndipo habari ya meno ilipoanzia.

Tulikwenda kuangalia mkanda sebuleni kwa Dastan, watu tumejaa mpaka dirishani. Noela anapita, tunashangilia. Keki inapita, tunashangilia. Mara televisheni yote ikajaa mdomo. Meno ya Kunegunda yalikuwa yametokeza tangu utotoni, yale manne ya mbele yakifika kila mahali kabla yake. Ana kwa ana ulikuwa huyaoni, kwa sababu maneno yalikuwa yanakushughulisha. Lakini kwenye kioo kile yalikuja yote, makubwa, yameinama mbele.

Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, huyu bibi anakula kamera?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Kunegunda mwenyewe. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Lakini kuanzia siku ile nilimwona akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, kitu ambacho tangu tujuane hakuwahi kukifanya.

Serikali wakati huo ilikuwa imeruhusu tena watu binafsi kufungua zahanati zao. Fulgence, mtoto wa jirani zake wa zamani kule Matogoro, akarudi kutoka masomoni Ulaya, akakodi vyumba viwili mtaa wa Majengo, akaandika kwenye kibao kwamba anatibu meno. Watu walikwenda kung'oa. Kunegunda alikwenda kunyoosha. Daktari akamtazama mara mbili, kwa sababu waya za meno aliwahi kuwafunga wazungu wa huko alikosoma, hapa Songea hakuwa amemfunga mtu. Akamweleza yote: itachukua mwaka na nusu, kila mwezi aje akazwe kidogo, ataumwa, atapata vidonda, asipopiga mswaki vizuri meno yatapata madoa meupe na kuoza, na waya zikitoka kuna kifaa kingine cha kuvaa, la sivyo meno yanarudi. Kunegunda akaitikia yote, "Ndiyo, ndiyo, ndiyo," kama mtu anayeungama harakaharaka ili awahi basi.

Wiki ya kwanza alikunywa uji. Hironimus, kwa kumhurumia mkewe, akanunua nyama. Akaila Hironimus. Vile vyuma vidogo vilivyogandishwa kwenye meno vilimkwangua mashavu kwa ndani mpaka akawa anaongea ameshika taya. Mchicha alioula Jumatatu alikuwa nao mpaka Jumanne. Biasha akamtumia kifurushi cha korosho zilizokaangwa, na yeye akawa anazinyonya kama pipi, huku machozi yanamlenga kwa hasira. Daktari alikuwa amempa kipande cha nta, abandike kwenye ncha za waya zisimchome. Kunegunda alikitafuna chote siku ileile, akidhani ni chingamu, akarudi kulalamika kwamba hakina sukari. Na nta ya daktari haikuwa nyingi. Ilikwisha, daktari akaagiza nyingine Dar es Salaam, na Dar es Salaam ilikuwa inafanya mambo yake kwa wakati wake.

Biashara lakini ilipanda. Watu walikuja kutazama mdomo wakaondoka na koti. Wengine walisema ni madini ya fedha. Wengine walisema ni dawa ya kuzuia umbea. Hiyo haikufanya kazi.

"Cheka basi tuone," walikuwa wanamwambia.

"Nunua kwanza," anawajibu. "Kucheka kunakuja na koti."

Miezi ikapita, vidonda vikapona, vingine vikaja, akazoea. Kweli meno yalianza kurudi nyuma, hata mimi niliona. Ndipo dereva wa lori la korosho aliposimama mbele ya meza yake na ujumbe kutoka Nakapanya. Zuhra, binti wa Biasha, anaolewa na Salum, mtoto wa bwana Azizi mnunuzi wa korosho. "Mama Biasha anasema hivi," dereva akasema. "Mwambie mama Noela sikio langu nimelisafisha."

Kunegunda akafurahi, akapanda juu ya kigoda pale pale sokoni, akafungua kinywa apige kigelegele kimoja cha kupokea habari.

Ilitoka sauti ya birika linalokaribia kuchemka. Halafu damu, maana mdomo wa juu ulikuwa umenasa kwenye chuma.

Sote tulijifanya tunakunja nguo.

Nyuma ya nyumba yake, kwenye migomba, alijaribu tena na tena siku zile. Ulimi unakwenda kulia, unagonga chuma. Unakwenda kushoto, unagonga kingine. Midomo ikitanuka inakwanguliwa. Kuku walizoea, wakaacha hata kukimbia. Akarudi kwa Hironimus aliyekuwa ameinamia gurudumu la baiskeli.

"Baba Noela, wewe gurudumu lililopinda unalinyooshaje?"

"Nakaza spoku."

"Kwa muda gani?"

"Kama mteja anasubiri, nusu saa."

"Sasa huyu mtoto Fulgence anakaza kidogo leo, kidogo mwezi ujao. Ukinikazia wewe yote kwa mara moja, meno si yatamaliza kunyooka, naye atoe waya zake kabla ya harusi?"

Hironimus kwa mara ya kwanza maishani mwake alikataa jambo siku hiyohiyo. "Rimu ni chuma, mke wangu."

"Na mimi ni nini, ugali?"

Alikataa asubuhi, akakataa mchana, alasiri akachemsha koleo. Nililiona mwenyewe likichemka kwenye sufuria ya uji, safi kuliko lilivyowahi kuwa tangu litoke dukani. Akalikamata nalo fundo la waya mdomoni mwa mkewe, akazungusha kidogo. Kunegunda akasema, "Ongeza." Akazungusha tena. Kunegunda akasema neno ambalo siwezi kuliandika, na Hironimus akaliacha koleo likaanguka.

Kesho yake shavu lilikuwa limevimba, jino la mbele linacheza kama mlango mbovu, na sisi tuko kwa daktari.

"Nauliza kwa mara ya mwisho," Fulgence akasema. "Nani?"

Mlango ukasukumwa taratibu. Hironimus akaingia, kofia mkononi, mafuta ya mnyororo mpaka viwikoni. "Ni mimi, daktari. Lakini koleo nililichemsha."

Daktari alitaka kukasirika. Nilimwona kabisa anajaribu. Akageukia ukutani, mabega yakawa yanamtingishika. Alipogeuka tena alikuwa amejikaza. "Baba Noela, jino lina mzizi. Ukilivuta polepole, mfupa unaliachia nafasi. Ukilivuta kwa nguvu, mzizi unalika, mwisho jino linasimama kama mpapai uliooza shina."

"Sasa litaanguka?" Kunegunda akauliza, na sauti ilikuwa ndogo.

"Nitalegeza, niweke waya nyembamba, lipumzike. Likipumzika litashika. Lakini nikitoa kila kitu leo kama unavyotaka, hakuna cha kulishikilia. Uamuzi ni wako. Waya zibaki, au uende Nakapanya na mdomo mtupu na jino usilolijua."

Kunegunda akanyamaza tena, mara ya pili kwa siku moja. Nilijua anapima nini. Upande huu meno aliyoyavumilia miezi yote ile. Upande ule Biasha na magunia yake, na uso wa Zuhra akitoka nje kwenye kimya.

"Legeza," akasema mwishowe. "Nikienda na pengo atakuja Dastan mwingine na kamera. Lakini nakwenda. Nitalipa nitakachoweza kulipa."

Jino lilishika, niseme hilo kabisa. Hata leo meno ya Kunegunda yamenyooka kama mstari wa watoto wa shule, isipokuwa lile moja, limekaa upande kidogo. Tunaliita koleo.

Basi tukapanda lori, mimi na yeye. Siku ya kwanza hakusema sana, barabara ilikuwa inamrusha na kila akirushwa anashika taya. Siku ya pili akaanza kumfundisha dereva namna ya kukwepa mashimo, nikajua anaendelea vizuri.

Nakapanya ilikuwa imefagiliwa. Sufuria za pilau uani, wanawake wamejaa, wapiga ngoma wanazipasha moto ngozi za ngoma zao. Biasha alikuja mbio akamkumbatia, kisha akamshika kidevu. "Fungua." Kunegunda akafungua. Biasha akaangalia vyuma, akaangalia vidonda, akaangalia mdomo wa juu uliochanika.

"Subhanallah. Dada, nani kakufanyia hivi?"

"Nimelipa mwenyewe nifanyiwe."

"Basi sikiliza. Nimekusamehe. Wallahi nimekusamehe, mbele ya huyu mwenzako. Umekuja, inatosha. Kaa, ule pilau nitakupondea nyama."

Ningekuwa mimi ningekaa. Kunegunda akakunja mikono. "Biasha, ulikaa siku mbili juu ya magunia ukaja kusimama kwenye jua nje ya kanisa. Leo unanisamehe nini? Unataka nirudi Songea nikiwa mtu wa kusamehewa? Watanitazamaje kule sokoni?"

"Na damu ikitoka?"

"Nina khanga nyekundu."

Biasha akamtazama. Kisha macho yake yakaenda kwa wapiga ngoma. Mmoja wao alikuwa ametoa bonge la nta ya nyuki kwenye mfuko, analilainisha kwa vidole na kulibandika katikati ya ngozi, ngoma isitoe mlio wa kukwaruza. Wenyewe ndivyo wanavyofanya, ngoma ikilia vibaya inapakwa nta mpaka itulie.

"We kijana," Biasha akaita. "Nikatie kipande, kile kisafi cha ndani."

"Ya nini, mama?"

"Nina ngoma yangu inakwaruza."

Akamkalisha Kunegunda kwenye kinu kilichogeuzwa, akailainisha nta kwenye mvuke wa pilau, akaanza kuibandika juu ya vyuma, kimoja kimoja, ulimi wake mwenyewe umetoka pembeni kwa umakini. Nta ilinukia asali. Kunegunda alitaka kusema kitu.

"Funga!" Biasha akasema. "Usiitafune!"

"Nani kakuambia niliitafuna?"

"Dereva wa lori ananiletea habari zako zote."

Bi harusi akatolewa. Zuhra alitoka amefunikwa, macho chini, na ule muda wa kimya ukafika, ule ambao kila mwanamke anamtazama mwenzake ataanza nani. Wa Nakapanya walijua. Walikuwa wameambiwa kuna mwanamke kutoka Songea. Wakangoja.

Kunegunda akasogea mbele, akafungua kinywa. Likaja birika.

Mama mmoja mnene karibu yangu akaguna. "Ndiye huyu?" akamnong'oneza jirani yake. Mimi nikainama, nikajifanya ninafunga ndara.

Kunegunda akafunga kinywa, akazungusha ulimi juu ya nta, mara moja, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Na kikaja. Kikaanzia mbali, kikapanda, na humo ndani mlikuwa na mluzi mwembamba ambao haukuwapo zamani, kama kigelegele kimezaa. Kikakatika. Yule mnene akafungua mdomo aseme neno, na kabla hajasema kikarudi na ndugu zake wote. Ngoma zikadaka. Zuhra, aliyetakiwa kutazama chini, akainua uso akacheka wazi. Wanawake wa Nakapanya wakajibu kwa pamoja, na yule mnene ndiye alikuwa wa kwanza.

Cha tatu Kunegunda alikipiga kwa nguvu kupita kiasi. Bonge la nta likamtoka mdomoni, likaruka juu ya vichwa vya watoto, likatua kwenye kofia ya bwana Azizi, baba wa bwana harusi, iliyofuliwa na kupigwa pasi kwa siku hiyo tu. Bwana Azizi akalitoa kwa vidole viwili, akaligeuza, akanusa.

"Jamani, hiki ni nini?"

Biasha akapita katikati ya watu, amenyoosha mkono.

"Hiyo ni chenji ya mama Noela, bwana Azizi," akasema. "Amelipa, akazidisha."